Sikio la Buure

Kiwanjani, Isiolo
9 Februari 2025

Hapana, kaka Huqa, hilo la kusema kwamba nimekuwa bibi harusi mpaka nikasahau damu yangu silikubali. Ulinirushia maneno hayo ukiwa umeshapanda lori, injini inanguruma, ukaenda zako kabla sijafungua mdomo. Basi jibu langu ndilo hili. Kubai wa lori la unga ameapa atalitia mkononi mwako huko Sericho, kwa kuwa simu yako umeizima na sikulaumu. Namba yako waliisambaza mtandaoni, ikawa matusi asubuhi mpaka jioni.

Asalaam aleikum, ndugu yangu. Nagaa, ni amani? Mifugo nagaa? Maji bado yapo? Mama amefika Rapsu salama kwa dada, na tayari anagombana na watu juu ya vitunguu vyao, kwa hiyo ujue ni mzima. Na Buure wangu je, yule mtamba wa madoadoa uliyempokea kwenye mahari yangu? Mpapase shingo umwambie Batula anamsalimu.

Mimi ni mzima kupita kiasi. Kaka, mbona hakuna aliyeniambia ndoa ni tamu hivi? Adano akitoka kazini huniletea kitu kila siku, hata kama ni ndizi moja. Wewe unajua kazi yake ni kufunga kamera, basi amefunga moja juu ya mlango wetu, ndogo kama kichwa cha mjusi. Akiwa juu ya ngazi za watu ananiona kwenye simu yake nikianika nguo, ananipigia: "Batu, hilo dera la manjano litaniangusha leo." Nacheka peke yangu uani mpaka Kiende, jirani yetu anayeuza miraa, anauliza kwa sauti kama nimeanza kutafuna bidhaa yake.

Lakini furaha haijanitoa akili. Sijasahau waliyokufanyia. Ulisema redioni jambo la kweli: kwamba kamera za soko la mifugo ni maganda matupu, hazina hata waya, na mbuzi wanaibiwa chini yake mchana kweupe. Juma halijaisha, akatokea mtu asiye na uso kwenye Baraza la Isiolo, lile kundi la mtandaoni ambako mji mzima hugombana. Akajiita Mlinzi Kimya. Akaweka picha ya ng'ombe, akaandika kwamba ni wa wizi, kwamba yuko zizini kwako, kwamba wavamizi wanakulipa kwa mifugo ili uwatangazie mahali ulinzi ulipolegea. Watu wakaona alama ya ng'ombe si ya kwetu, wakaamini. Redio ikakusimamisha. Vijana wakapiga mlango wako mawe. Na mimi nilikuwa bado na hina mbichi mikononi!

Namtaka huyo mtu, kaka. Sitaki aombe radhi akiwa amejificha. Nataka asimame sokoni siku ya mnada, awe na uso, na kila mwenye mbuzi amtazame mpaka atamani ardhi immeze.

Adano ameapa atamsaka. Anasema kila simu huacha nyayo. Picha yenyewe amenikataza kuitazama, ati itanichafua moyo katika siku zangu za asali, na ile simu mpya aliyonipa ya harusi hakuiwekea huo mtandao. Basi mimi nasema, yeye anaandika kwa niaba yangu. Jana nilimwambia aandike hivi: "Mlinzi Kimya, Mungu akupe kiu kando ya kisima, na kamba yako ikatike kabla ndoo haijafika maji." Akaandika kwa vidole gumba vyote viwili, akanibusu paji la uso, akasema kumbe ameoa malenga.

Nijibu haraka.
Dadako, Batula


Sericho
27 Februari 2025

Batula mdogo wangu, waleikum salaam. Nagaa huku, shukrani kwa Mungu, ila jua linakula nyasi mpaka mizizi. Ngamia tunawanywesha kwa zamu na wachungaji wanagombana nani alifika kwanza. Nimesaidia kuzibua kisima cha zamani, mikono imeota malengelenge. Mikono ya mtangazaji, wananicheka. Mmoja ameniuliza kama maikrofoni ni nzito kuliko sururu.

Nimefurahi una furaha. Nimeisoma sehemu hiyo ya barua yako mara nyingi kuliko sehemu nyingine.

Nasikia mjini wanabishana kama nilikosea. Hata huku kuna watu wawili waliosikia habari hizo sokoni Garbatulla, nao wamenihoji. Mmoja alisema, "Ukitangaza kwamba jicho limepofuka, unamwita mwizi." Nikamjibu: mwizi alijua kabla yangu. Mimi niliwaambia wenye mbuzi. Sidhani alikubali. Watu wanataka kulindwa, na mtu akisema hakuna ulinzi wanamwona yeye ndiye aliyeuondoa.

Sasa sikia. Huyo Mlinzi Kimya umwache. Usimsake, wala usimtume mtu kumsaka. Na ile picha usiitazame. Ninakuomba kwa jina la baba yetu aliye kaburini, na unajua huwa siapi hovyo.

Msalimie Mama ukienda Rapsu. Mwambie nakula.
Kakako, Huqa


Kiwanjani
14 Machi 2025

Kaka mpendwa, Ramadhan kareem. Mfungo ukoje huko kwenye joto? Hapa mchana ni mrefu lakini jioni ni harusi mpya kila siku. Adano hufungua kwa tende kutoka mkononi mwangu, hataki za sahani. Mama yake anasema tumerogwa. Mama yetu ametuma gunia la vitunguu na maneno makali, yote mawili kwa basi moja.

Barua yako ilikaa kwa Kubai mpaka ikanuka dizeli, na nilipoisoma nililia kwa hasira. Tangu lini mtoto wa baba yetu anaambiwa "mwache" na "mwache" inakuwa jibu? Ulipokuwa mdogo ulimfuata mtoto aliyeniibia kiatu mpaka kwao, ukarudi na kiatu changu na kofia yake pia. Leo mtu amekuibia jina, wewe unazibua visima!

Huku vita havijapoa. Kiende hunisomea Baraza kupitia ua wetu wa nyuma akifunga miraa yake. Picha hanionyeshi kwa kuwa nimemwambia nimekatazwa, lakini maneno sijakatazwa. Juzi mwalimu mmoja, Mutea, aliandika kwamba mwanahabari akitaka kutangaza mambo ya usalama aulize wakubwa kwanza. Kiende akasoma kwa sauti ya mwalimu, kisha akatema mate.

"Aulize nani? Yule aliyenunua kamera bila waya? Hiyo ni kumuuliza fisi mbuzi wamelala wapi!"

"Mjibu hivyo," nikamwambia.

"Nimeshamjibu. Ameniita muuza majani asiye na shule. Nikamwambia shule ninayo, ni wewe ulinifundisha, ndiyo maana nauza majani."

Nilicheka mpaka nikaogopa swaumu yangu imeharibika. Lakini kila mara watu wakianza kukuelewa, Mlinzi Kimya anarudi na neno jipya. Juzi amesema ulikimbilia Sericho kuwa karibu na mabwana zako wavamizi. Huyo mtu hachoki! Na mimi sichoki. Kila jioni namwambia Adano aandike, naye anaandika, mimi nimeegemea bega lake. Anasema amefika karibu sana. Ati ni mtu wa Nairobi, analipwa, anatumia ufundi wa kuficha mahali alipo. Kaka, ukimwona mume wangu anavyokunja uso kwa ajili yako utampenda kama ninavyompenda.

Kwa hiyo nipe ruhusa niitazame hiyo picha. Nyote wawili mmenikataza, wewe na yeye, kana kwamba mlikaa kikao. Na mbona hukunijibu habari za Buure? Amekufa? Niambie kama amekufa, mimi si mtoto.

Batula


Sericho
10 Aprili 2025

Batula, nagaa. Idd tulisali mchangani, watu wachache, mvua ikatukuta kwenye rakaa ya pili na hakuna aliyekimbia, kwa jinsi tulivyoingoja. Sasa malaga, mito hii ya msimu, yamejaa. Lori la Kubai lilikwama ng'ambo na barua yako ililala ndani yake wakati sisi tunaiangalia kutoka upande huu.

Buure yu hai. Ana mimba.

Ruhusa sina ya kukupa. Wewe ni mke wa mtu. Nijibu moja tu: una furaha? Ukiwa nayo, mimi naweza kuishi bila redio, na watu wa Baraza wataniacha wakipata mwingine. Kuna maneno mafupi ambayo kama ningeyasema siku ileile ya kwanza yangenisafisha mbele ya mji wote. Niliyameza kwa hiari, na usiniulize ni yapi.

Mahari yako niliipokea kwa mikono hii. Sitaki kuirudisha kwa mikono hiyohiyo.

Huqa


Kiwanjani
3 Mei 2025

Kaka yangu, asalaam aleikum. Nagaa kwako, nagaa kwa mifugo, nagaa kwa Buure na ndama aliye tumboni mwake. Mama hajambo, nimetoka kumwona, na sikumwambia neno. Baba mkwe, Mzee Waqo, alikuja mjini kututembelea, nitakueleza. Adano ni mzima. Leo amevaa shati la buluu nililomchagulia na limemkaa vizuri mno.

Nani alikuuliza habari za kurudisha mahari, kaka? Niliisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama, nikakaa. Mtu haongei juu ya kurudisha mahari kwa sababu ya mtu wa Nairobi. Nikapita ua wa nyuma, ambako kamera ya mlangoni haifiki, nikamwambia Kiende: nionyeshe.

"Si ulikatazwa?"

"Nimejiruhusu."

Akafuta mkono kwenye leso, akanipa simu.

Buure. Buure wangu amesimama kando, uso umegeukia jua. Pajani ana alama ya moto ya Mzee Waqo, ndiyo hiyo "alama isiyo ya kwao". Na masikio yake yote mawili ni mazima, kaka. Nilikuwepo ulipomkata sikio alama ya ukoo wetu. Ulimkata langoni, kabla kwato zake hazijakanyaga zizi letu, ukasema mahari haiingii bila jina. Kwa hiyo hiyo picha haikupigwa kwako. Ilipigwa kabla hujamwona kwa macho yako. Wewe ulilijua hilo siku ya kwanza kwa kutazama sikio.

Mimi sikuhitaji sikio. Picha hiyo naijua. Adano alinitumia juma moja kabla ya mahari kuletwa, akaandika chini yake: "Huyu anakuja kukuchukua." Ilikuwa kwenye simu yangu ya zamani, ile aliyoniomba nimwachie aliponipa mpya. Picha hiyo niliwahi kuibusu.

Kiende akaiweka chini miraa yake. Kisha akasema, "Dada, zile kamera za sokoni, mimi nilimwona Adano juu ya ngazi akizifunga. Nilidhani unajua." Sikujua. Nikamwomba atafute laana zangu kwenye Baraza, zote nilizomwambia Adano aandike. Tukatafuta kiu kando ya kisima, tukatafuta kamba iliyokatika. Hakuna hata moja. Lakini jioni zile zile, saa zile zile ambazo vidole vyake vilikuwa vinaandika na kichwa changu kiko begani mwake, Mlinzi Kimya alikuwa anaandika kwamba unakula na wavamizi.

Sikupiga kelele, kaka. Ungejivunia. Nilimwomba Kiende anitumie picha, nikarudi nyumbani, nikapika pilau, nikapaka wanja. Adano akaniambia sijawahi kupendeza hivi. Nikamwambia ni yeye anayenipendezesha.

Kisha nikamngoja Mzee Waqo. Alikuja Ijumaa, baada ya sala, akakaa kwenye mkeka, Adano karibu naye. Niliwapa chai ya maziwa ya ngamia, nikapiga magoti kama inavyompasa mke wa mwana.

"Baba," nikasema, "macho yangu hayana elimu ya mifugo. Huyu si mtamba wako?"

Akaishika simu mbali na uso wake, kama wazee wanavyoshika. Akatabasamu. "Buure! Mama yake aliumwa na nyoka, nikamlea huyu kwa mkono. Alikuwa akinifuata mpaka msikitini, watu wakinicheka. Nilikutolea wewe kwa sababu sikuwa na bora kuliko yeye. Nani alimpiga picha nzuri hivi?"

"Sijui, Baba. Imebandikwa mtandaoni. Wameandika kwamba ni wa wizi."

Kaka, nilitazama kikombe cha Adano. Kilikuwa kimeganda katikati ya mkeka na mdomo.

"Wa wizi?" Mzee aliuliza polepole. "Alama yangu hii hapa. Alama ya baba yangu. Anayesema huyu ni wa wizi anasema mimi ni mwizi, na kwamba nilimwoza mwanangu kwa mali ya wizi. Ni nani?"

"Hana uso, Baba. Anajiita Mlinzi Kimya."

Mzee akamgeukia mwanawe. "Wewe si ndiye fundi wa haya mambo? Nitafutie huyu mtu."

"Baba, mtandao ni mpana sana," akasema Adano. Sauti yake ilitoka kama ya mtoto aliyemeza jiwe.

"Malisho nayo ni mapana, na mimi nimefuata nyayo humo tangu kabla hujazaliwa."

Nami nikamwongezea Mzee chai, nikasema kwa sauti yangu tamu kuliko zote, "Usiwe na wasiwasi, Baba. Adano ameshafika karibu sana. Aliniambia mwenyewe."

Huenda hilo ni dhambi, kaka, lakini sijawahi kunywa chai iliyoniingia kama ile.

Mzee amekata shauri. Atakuja Sericho kumwona mtamba wake kwa macho yake, akuombe radhi kwa kuwa mali yake ndiyo iliyotumika kukuvunja, na hapo, mbele yako na wazee, Adano atataja jina la huyo mtu. "Ukishindwa kumpata kufikia siku hiyo," alimwambia, "nitajua ufundi wako ni kama hizo kamera wanazozisema watu." Hakujua alichosema. Au alijua. Yule mzee si mjinga.

Alipoondoka, Adano aliosha vikombe. Hajawahi kuosha vikombe. Akasimama na kitambaa mkononi, maji yakimdondoka viwikoni.

"Batu, unajua kitu?"

"Kitu gani, mpenzi?"

"Basi. Hakuna."

Tangu siku hiyo hali vizuri. Ananunua ndizi mbili badala ya moja. Mara tatu ameanza kusema na mara tatu nimemkatiza kwa busu, kwa maana sitaki aseme kwangu. Kwangu ataniomba msamaha chumbani, nitalia, nitamsamehe, na wewe utabaki umezibua visima mpaka uzeeke. Jina lako lilichafuliwa mbele ya watu, litaoshwa mbele ya watu. Nampenda bado, kaka, na hilo ndilo linalonitisha. Ningekuwa simpendi, hasira yangu ingekuwa moto wa nyasi, uwake uzime. Hii yangu ni moto wa samadi. Hauna mwali, lakini haulali.

Ulinyamaza ili nisiaibike. Nakushukuru, na pia nimekasirika, kwa sababu ulinikadiria kuwa mdogo kuliko ukweli. Uliniuliza kama nina furaha. Nilikuwa nayo. Habari za mahari usiziguse. Sijaamua. Nitaamua siku hiyo, nikishasikia anavyolisema hilo neno: kama atalisema akinitazama, au akitazama chini.

Sasa fanya ninavyokuambia, ijapokuwa wewe ni mkubwa wangu. Waite wazee wa kisima. Washa simu yako, Kiende atalileta Baraza lote lisikilize kupitia simu hiyo siku hiyo, amesema ataacha hata miraa ikauke. Mzee Waqo mpe maziwa mara tu akifika. Mume wa dadako usimpe. Najua kwetu mgeni hanyimwi maziwa, hata adui. Ndiyo sababu nataka anyimwe, akae na midomo mikavu katikati ya watu wanaokunywa, mpaka aseme.

Kubai anasema malaga yanapungua na ametuwekea nafasi mbele ya lori, safari inayofuata hii ya barua. Adano ameniuliza kwa upole kama hatuwezi kungoja barabara ikauke. Nimemwambia, mpenzi, mimi ni bibi harusi mpya, nina hamu ya kwetu. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa langoni kwako watatu: baba mkwe, mimi, na Mlinzi Kimya.

Dadako akupendaye,
Batula